Ufundi Unaorithiwa: Kijani cha Mgori na Asili Yake

Mwishoni mwa kiangazi, Septemba ikielekea Oktoba, miombo ya msitu wa Mgori, mkoani Singida, huchipua kabla ya mvua. Ardhi ni kavu, nyasi zimeliwa au zimeungua, na upepo wa Singida unavuma mchana kutwa. Miti ya mitundu na jamaa zake haingoji. Huvuta maji iliyoyahifadhi shinani na yale ambayo mizizi yake inayafikia chini kabisa, ikatoa majani mapya, na majani hayo huanza yakiwa na rangi ya shaba, ya zabibu, ya damu ya mzee. Mgeni akiyaona kwa mbali hudhani msitu umechanua maua. Wiki chache baadaye wekundu hufifia, kijani hushika, na mvua za Novemba au Desemba zinapoanza, msitu tayari uko kazini.

Wiki hizo za wekundu ni wiki za ujenzi. Kinachojengwa ndani ya majani ni kloroplasti, vile vyumba vidogo vya kijani ambamo mmea hutengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Shuleni tulifundishwa jina hili kwa sentensi moja, tukaandika neno usanisinuru daftarini, tukaendelea na somo lililofuata. Nataka hapa tusiendelee upesi hivyo. Kloroplasti inastahili kutazamwa kwa subira, kwa sababu ufundi wake ni wa aina mbili adimu. Kwanza, ni ufundi wa kushika kitu cha hatari: mwanga unaolisha jani ndio huohuo unaoweza kuliharibu. Pili, ni ufundi usioanzishwa upya. Hakuna mtundu, mtama wala mwani wa pwani unaoweza kuunda kloroplasti kutoka mwanzo. Kila moja hutoka kwa iliyoitangulia, na mlolongo huo haujakatika kwa zaidi ya miaka bilioni moja.

Tuanze na ukubwa wake. Kloroplasti ya jani la kawaida ni bapa, imenenepa kidogo katikati, na ina urefu wa takriban mikromita 5. Mia mbili zikipangwa katika mstari mmoja ndipo hufikisha milimita moja. Seli moja ya jani inaweza kuwa na makumi kadhaa, na nyingine huzidi 100. Katika kichipukizi kichanga kloroplasti hizo bado hazipo. Kuna vijipunje visivyo na rangi, viitwavyo proplastidi, vinavyosubiri. Jani linapofunuka, ndani ya vijipunje hivyo hutandazwa tando nyembamba, moja juu ya nyingine, nyingine zikirundikana katika mafungu. Juu ya tando hizo hupangwa klorofili, na klorofili ndiyo inayolipa jani rangi yake.

Klorofili yenyewe hutengenezwa kwa hatua nyingi, moja baada ya nyingine, hadi ipatikane pete ya kaboni na nitrojeni yenye chembe ya magnesi katikati. Katika mimea itoayo maua, hatua mojawapo karibu na mwisho haifanyiki bila mwanga. Ndiyo maana haragwe lililoota chini ya debe hutoka likiwa na shina refu, dhaifu na la manjano, kisha hugeuka kijani saa chache baada ya debe kuondolewa. Seli haikusahau kazi. Iliisimamisha mahali salama, kwa sababu kuwa na klorofili nyingi zisizopangwa ni balaa. Klorofili ikipigwa na mwanga hujaa nguvu. Isipopata protini ya kuishika na kuipokea nguvu hiyo, huweza kuitupia oksijeni iliyo karibu, na oksijeni iliyopewa nguvu namna hiyo huchoma mafuta na protini za seli. Kwa hiyo seli hutengeneza klorofili na protini za kuishikia kwa mwendo mmoja, hii isiitangulie ile kupita kiasi.

Sasa fikiri jua la Mgori mwezi Oktoba: nyuzi chache tu kusini mwa ikweta, juu ya uwanda ulioinuka, anga likiwa halina wingu. Jani changa linajenga mitambo yake chini ya mwanga mwingi kuliko linavyoweza kuutumia. Vipimo vilivyofanywa Zimbabwe kwenye mtundu vilionyesha kuwa majani yakiwa bado mekundu huwa na klorofili kidogo na usanisinuru mdogo. Wekundu unatokana na rangi iitwayo anthosianini, ambayo hunywa sehemu ya mwanga kabla haujafika ndani. Katika mimea mingi iliyopimwa, rangi hii imeonekana kuwakinga mafundi wachanga wakati karakana haijakamilika. Kazi ikikamilika, kinga hupunguzwa.

Kloroplasti iliyokomaa hufanya nini hasa? Huvunja maji. Jambo hili linasemwa kwa wepesi, lakini katika viumbe vyote ni ukoo mmoja tu uliogundua namna ya kulifanya kwa nguvu ya mwanga, na mimea yote imeurithi ujuzi huo. Maji ni kitu kigumu kuvunjika. Kloroplasti hutumia kifundo kidogo chenye chembe nne za manganizi na moja ya kalsi, kilichofichwa ndani ya protini. Kifundo hiki hakifanyi kazi kwa pigo moja. Mwaka 1969 mtafiti Mfaransa Pierre Joliot na wenzake walizimulika seli kwa miali mifupi sana, mmoja mmoja, wakapima oksijeni inayotoka. Mwali wa kwanza ulitoa karibu kitu si kitu. Wa pili pia kidogo. Wa tatu ulitoa nyingi, kisha oksijeni ikawa inapanda kila baada ya miali minne. Mwaka uliofuata Bessel Kok alieleza maana yake: kifundo hukusanya nguvu hatua kwa hatua, nne kwa jumla, na hakiachii oksijeni mpaka hesabu itimie. Katika giza hupumzika kikiwa kimeshapanda hatua moja, ndiyo sababu mwali wa tatu ndio uliovuna kwanza. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walichapisha picha iliyo wazi ya kifundo hicho, chembe kwa chembe, na hesabu ya Kok ikapata umbo la kuonekana kwa macho.

Maji mawili yakivunjwa, molekuli moja ya oksijeni hutoka nje. Hiyo ndiyo tunayoivuta. Elektroni zilizopatikana hupitishwa kwenye tando kwa mpangilio, haidrojeni iliyopoteza elektroni hulundikana upande mmoja wa utando, na inaporudi upande wa pili hupita katika mtambo wa protini unaozunguka. Mzunguko huo huunda ATP, sarafu ya nguvu katika kila kiumbe hai. Yote haya hutendeka ndani ya kitu kisichoonekana bila hadubini, bila moto, bila shinikizo, katika joto la kawaida la jani lililoko juani.

Baada ya hapo huja kazi ya kunasa hewa ukaa na kuigeuza sukari. Hapa yupo kimeng'enya kiitwacho Rubisko, miongoni mwa protini zilizo nyingi zaidi duniani. Wingi wake unatokana na upole wake: kimoja hunasa molekuli chache tu za hewa ukaa kwa sekunde, tatu au karibu na hapo, wakati vimeng'enya vingine hufanya maelfu. Tena hukosea. Hewa ukaa na oksijeni zinamchanganya, na katika joto la wastani takriban mara moja kati ya nne hushika oksijeni mahali pa hewa ukaa. Mmea hulazimika kutumia nguvu kulirekebisha kosa hilo. Joto likipanda, makosa huongezeka. Rubisko alizaliwa katika dunia ambayo hewa yake haikuwa na oksijeni ya maana, na hajaacha tabia za zama zile.

Namna mimea ilivyokabiliana na udhaifu huu inaonekana shambani Mgori kwa anayejua pa kutazama. Alizeti, zao ambalo Singida inajulikana nalo, hufuata njia ya kale. Rubisko wake ananasa hewa ukaa moja kwa moja katika seli za jani. Alizeti hufidia makosa kwa bidii: ni miongoni mwa mimea ya njia hii yenye usanisinuru wa kasi kubwa, mradi ipate maji.

Mtama na uwele hufanya vingine. Kata jani la mtama kwa wembe, litazame chini ya hadubini, utaona kila mshipa umezungukwa na pete mbili za seli. Pete ya nje hunasa hewa ukaa kwa kimeng'enya kingine kisichochanganywa na oksijeni, ikaifunga katika asidi, na kuipeleka pete ya ndani. Huko hewa ukaa hufunguliwa na kuwa nyingi kiasi kwamba Rubisko hapati nafasi ya kukosea. Kloroplasti za pete hizo mbili hazifanani. Zile za ndani karibu hazina mafungu ya tando, hivyo hazivunji maji kwa wingi wala hazitoi oksijeni nyingi ya kumsumbua Rubisko. Mmea mmoja, jani moja, aina mbili za kloroplasti, kila moja ikiwa imepunguziwa au kuongezewa vifaa kulingana na kazi yake. Njia hii ilielezwa mwaka 1966 na Hal Hatch na Roger Slack, waliokuwa Australia wakichunguza muwa. Wakulima wa nyanda kavu hawakusubiri maelezo hayo. Walijua tangu zamani kwamba mvua ikiwa haba, mahindi hunyauka na mtama husimama. Mahindi nayo ni ya njia hiyohiyo ya pete mbili, kwa hiyo ustahimilivu wa mtama una sababu zake nyingine pia: mizizi inayochimba kwa kina na uwezo wa kulala usingizi ukame unapokaza, kisha kuamka mvua irudipo.

Njia ya tatu ni ya minyaa, ile mimea ya vijiti vya kijani inayozungushiwa maboma na mashamba. Majani yake ni madogo na hudondoka mapema. Vijiti vyenyewe ndivyo vyenye kloroplasti, na vijitundu vya hewa katika vijiti hivyo hufunguka usiku, wakati hewa imepoa na maji hayapotei sana. Hewa ukaa huhifadhiwa kama asidi mpaka asubuhi. Jua linapochomoza vijitundu hufungwa, asidi huvunjwa, na Rubisko hufanya kazi ndani ya mlango uliofungwa. Mkonge wa Tanga na Morogoro hufanya hivyohivyo. Ufundi wa msingi ni mmoja, lakini mimea imeupanga kwa saa, kwa pete na kwa bidii, kila mmoja kulingana na ardhi yake.

Lakini sehemu ya ufundi huu ninayoiheshimu kuliko zote ni ukarabati. Ile protini inayoshika kifundo cha manganizi, iitwayo D1, huharibiwa na kazi yake yenyewe. Jua likiwa kali, huenda ikahitaji kubadilishwa kila baada ya nusu saa hivi. Kloroplasti haingoji mtambo usimame. Sehemu iliyoharibika husogezwa kando ya fungu la tando, protini iliyochakaa hung'olewa, mpya huundwa na kuingizwa palepale, na mtambo hurudishwa mahali pake. Kila jani la kijani unaloliona saa sita mchana limo katikati ya matengenezo haya.

Pamoja na ukarabati kuna tahadhari. Mwanga ukizidi, baadhi ya rangi za manjano zilizomo katika tando hubadilishwa umbo kwa dakika chache, nazo husaidia kuitoa nguvu ya ziada kama joto lisilodhuru. Wingu likipita, hurudishwa zilivyokuwa. Tena kloroplasti zenyewe husogea. Mwanga ukiwa hafifu hujitandaza upande wa juu wa seli ili zinase kila mwali. Jua likichoma, hujipanga kwenye kuta za pembeni, moja ikiikinga nyingine. Kazi ya fundi bora haipimwi kwa kasi tu. Hupimwa kwa namna anavyojua kupunguza, kujikinga na kurekebisha bila kuacha kazi.

Ufundi huu ulitoka wapi? Mwaka 1837 mtaalamu wa mimea Mjerumani Hugo von Mohl alizieleza punje za kijani alizoziona chini ya hadubini. Mwaka 1883 Andreas Schimper, Mjerumani mwingine, alionyesha jambo lililobadilisha swali lote: kloroplasti hazichipuki kutoka katika ute wa seli, bali hutokana na kugawanyika kwa zile zilizokuwepo. Aliongeza, kwa tahadhari, kwamba hali hiyo inafanana na kiumbe mmoja kuishi ndani ya mwingine. Mwaka 1905 Mrusi Konstantin Mereschkowsky alilisema wazi: kloroplasti ni wageni, wajukuu wa viumbe wadogo wa kijani-buluu walioingia katika seli na kukaa. Kwa miongo mingi wazo hilo lilichukuliwa na wengi kuwa ni dhana tu. Mwaka 1962 Hans Ris na Walter Plaut walikuta DNA ndani ya kloroplasti ya mwani mdogo, Chlamydomonas. Mwaka 1967 Lynn Margulis wa Marekani, baada ya kukataliwa na majarida kadhaa, alichapisha hoja iliyoliweka wazo hilo katikati ya biolojia. Leo hakuna mjadala wa maana juu yake.

Viumbe hao wa kijani-buluu ni sianobakteria, na hawako mbali nasi. Katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa huwa wengi hata maji yakageuka kijani kizito, na heroe wadogo, ndege wale wanaojulikana pia kama flamingo, huwachuja kwa midomo yao. Rangi ya waridi ya manyoya yao inatokana na chakula hicho. Singida mjini kuna maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singida na Kindai, ambako ndege hao hufika. Mababu wa sianobakteria ndio waliovumbua kuvunja maji, na takriban miaka bilioni 2.4 iliyopita oksijeni waliyokuwa wakiitoa ilianza kujaa angani. Ndugu wa karibu zaidi wa kloroplasti anayejulikana miongoni mwa sianobakteria walio hai ni Gloeomargarita, aliyepatikana katika ziwa la magadi la Alchichica nchini Meksiko.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alipewa jembe, kisha akachukuliwa na hati zake. Sianobakteria anayeishi huru, kama yule aitwaye Synechocystis ambaye vinasaba vyake vilisomwa vyote mwaka 1996, ana jeni zaidi ya 3,000. Mwaka 1986 timu mbili za Japani zilisoma kwa mara ya kwanza vinasaba vyote vya kloroplasti, moja ikisoma ya tumbaku na nyingine ya mmea mdogo wa sehemu chepechepe uitwao Marchantia. Kloroplasti ya tumbaku ilikuwa na herufi takriban 156,000, na jeni zipatazo 120 tu. Nyingine zilipotea, na nyingi zilihamia katika kiini cha seli, moja baada ya nyingine, kwa muda usiopimika kwa umri wa mwanadamu.

Matokeo yake ni ushirikiano wa ajabu. Kloroplasti inahitaji protini zaidi ya 2,000, na karibu zote huundwa nje yake, katika ute wa seli, kwa amri ya kiini. Kila moja huwekewa mwanzoni mkia mfupi unaotaja inakokwenda. Kwenye tando mbili zinazoizunguka kloroplasti kuna milango ya protini inayousoma mkia huo, huivuta protini ndani, kisha mkia hukatwa. Rubisko mwenyewe ni mtoto wa nyumba mbili: kipande chake kikubwa huandikwa ndani ya kloroplasti, kipande kidogo huandikwa katika kiini, na vinane vya kila aina lazima vikutane ili kimeng'enya kimoja kikamilike. Nyumba moja ikikosa kuleta chake, hakuna sukari.

Kutoka kwenye muungano huo wa kwanza zilitoka koo tatu. Moja ndogo, ya mwani wa maji baridi, bado imehifadhi mabaki ya ukuta wa bakteria unaoizunguka kloroplasti yake. Ya pili ni mwani mwekundu, na huu ndio unaolimwa na wanawake wa Paje na Jambiani huko Unguja, ule wanaouita kotonii na spinosamu. Kloroplasti zake zimetunza rangi za kale za sianobakteria zinazonasa mwanga wa buluu na kijani, mwanga ambao hufika chini ya maji. Ya tatu ni ya kijani, ambayo ndani yake wamo mwani wa kijani na mimea yote ya nchi kavu, kuanzia kuvumwani hadi mbuyu.

Hadithi haikuishia hapo. Seli nyingine, zisizo na ukoo huo, zilimeza mwani mzima na kuuweka kazini. Ndivyo walivyopatikana daiatomu wa baharini na mwani wa kahawia, ambao kloroplasti zao zina tando nne badala ya mbili. Hata vimelea vya malaria vimo katika orodha hii. Mwaka 1996 ilithibitishwa kwamba Plasmodium ana ndani yake plastidi ndogo isiyo na rangi, inayoitwa apikoplasti, urithi wa mwani mwekundu. Haifanyi tena usanisinuru, ila hutengeneza viungo ambavyo kimelea hawezi kuishi bila hivyo. Dawa ya doksisaiklini, inayotumika kukinga malaria, huishambulia plastidi hiyo, kwa kuwa bado inaunda protini zake kwa namna ya bakteria. Kwamba dawa ya bakteria inamdhuru kimelea wa malaria kunaeleweka vizuri ukijua nasaba yake.

Na hata katika mimea, kijani ni sura moja tu ya kitu hiki. Mafuta ya alizeti inayokamuliwa Singida yalianza safari yake ndani ya plastidi, kwani asidi za mafuta za mmea huungwa humo. Wanga wa muhogo hulundikwa katika plastidi zisizo na rangi. Embe linapoiva, kloroplasti za ganda lake hugeuka kuwa plastidi za manjano. Chini ya gome la mbuyu, na chini ya magamba membamba yanayobanduka ya miti ya jamii ya manemane, kuna tabaka la kijani linaloendelea na kazi hata miti hiyo inapokuwa haina jani hata moja. Asali ya mizinga iliyotundikwa katika miombo ni sukari ya kloroplasti iliyopitia ua na nyuki.

Kiangazi kinaporudi, mti huvunja ulichokijenga, na huvunja kwa utaratibu uleule. Klorofili huondolewa kwa hatua, isiachwe ikielea na kuchoma. Rubisko, aliyebeba sehemu kubwa ya nitrojeni ya jani, hukatwakatwa na nitrojeni yake hurudishwa katika matawi. Manjano iliyokuwa imefunikwa hujitokeza. Jani linalodondoka huwa limeshatolewa kilicho cha thamani zaidi, na kile kilichookolewa hujenga majani ya msimu unaofuata.

Kitu kimoja hakivunjwi kamwe. Katika kila kichipukizi kilichofungwa na katika kila mbegu zimo proplastidi chache, zisizo na rangi, zilizotoka kwa mmea mama. Katika mimea mingi itoayo maua hurithiwa upande wa mama pekee. Punje ya mtama iliyotundikwa juu ya moshi wa jiko ina proplastidi hizo. Mbegu ya mtundu inayorushwa ganda likipasuka inazo. Zikipotea, kiini cha seli chenye hati nyingi kiasi hicho hakiwezi kuziunda tena, kwa sababu milango ya kupokea protini iko katika plastidi iliyokwisha kuwepo, na sehemu ya maandishi imebaki humo humo.

Kwa hiyo ninapofikiria uamuzi wa vijiji vya Mgori, naufikiria katika kipimo hiki pia. Katikati ya miaka ya 1990, vijiji vitano vinavyopakana na msitu huo vilianza kuusimamia vyenyewe, vikiweka mipaka, sheria ndogo na walinzi wao, mara baada ya wenzao wa Duru-Haitemba kule Babati kuonyesha njia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilikuja kuupa usimamizi wa namna hiyo nguvu nchini kote. Sababu zao zilikuwa za karibu: kuni, nguzo, malisho, asali, vyanzo vya maji. Ni sababu za haki na zinatosha. Ila pamoja nazo, walinzi waliozunguka mipaka ile walitunza koo za miti ambazo kila moja ina mlolongo wake wa mama kwa binti, hadi kwenye ile seli ya kwanza iliyompokea mgeni wa kijani-buluu.

Tumezisoma herufi za kloroplasti tangu 1986, na tumeipiga picha mitambo yake hadi chembe moja moja. Bado hakuna maabara iliyowahi kuiunda kloroplasti moja kutoka kwenye herufi hizo. Kusoma ufundi huu tumeweza, na usomaji huo ni fahari ya elimu. Kuuendeleza, hata hivyo, kunafanywa na mti ulioachwa usimame mpaka utoe mbegu, na mkulima anayechagua suke bora akaliweka kando wakati wengine wanakula.